Siku Dada Yangu Alipofanyiwa Mtihani wa Kusoma

Nilichelewa kusema. Mama alikuwa akisimulia habari hiyo mbele ya wageni kana kwamba nilimkosea makusudi: watoto wa majirani zetu wa Mkolani, waliozaliwa nyuma yangu, walikuwa tayari wanatukana, na mimi kimya. Alinipeleka zahanati, akanipeleka kwa padri, na siku moja baba alipokuwa kazini akanipeleka hata kwa mganga. Hakuna aliyefikiria kuniangalia mikono. Kwa mikono nilikuwa nasema tangu naamka hadi nalala, kwa sababu aliyenibeba mgongoni alikuwa dada yangu, na dada yangu alikuwa kiziwi.

Alinitangulia kwa miaka tisa. Homa ilimpata akiwa na miaka mitatu, familia ikiwa bado Bukoba, ikamwacha mzima wa kila kitu isipokuwa masikio. Baba alipopata kazi ya ukarani bandarini Mwanza, walikuja kwa meli na vitanda, machipukizi ya migomba ya kupanda, na mtoto asiyesikia. Migomba iliukubali udongo wa Mkolani kwa shingo upande. Dada alipelekwa shule, mwalimu mkuu akamwita jina mara tatu, hakuitika, akarudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Baba yangu, aliyeweza kubishana na mtu saa nzima kuhusu faida za elimu, safari hiyo hakubisha. Nilimpenda sana baba, lakini jambo hilo sijamsamehe vizuri.

Basi dada akajitengenezea lugha yake, na sisi wengine tukaingizwa humo kwa majina aliyotuchagulia mwenyewe. Baba alikuwa kidole kinachosukuma miwani juu ya pua. Mama alikuwa viganja viwili vinavyolainisha jani la mgomba juu ya chungu. Mimi, kwa sababu ya utundu, nilikuwa sikio linalovutwa, na hadi leo na mvi zangu bado ni sikio linalovutwa. Kwa lugha hiyo tuliweza kusengenya, kudanganya, kugombana juu ya jambo la mwaka jana na kuahidiana la mwaka kesho. Tuliweza kufanya hayo yote kanisani, yeye upande mmoja wa benchi na mimi upande wa pili, padri akiendelea na mahubiri. Viboko vya kucheka kanisani nilikula mimi, kwa kuwa kicheko changu ndicho kilichosikika.

Chuo cha ualimu nilichopangiwa kilikuwa ng'ambo ya Busisi. Unapanda pantoni pale Kigongo pamoja na ng'ombe, magunia ya dagaa na walimu watarajiwa wenzako. Mimi nilipanda nikiwa mtu wa kawaida, nikashuka msomi. Katika miaka miwili tulifundishwa siasa, kilimo cha pamba, uimbaji, na mawazo ya Wazungu wengi waliokufa zamani. Juu ya viziwi tulifundishwa kipindi kimoja cha dakika arobaini, na dakika kumi za mwanzo zilikwenda kutafuta chaki.

Mkufunzi wetu wa saikolojia alikuwa amesoma ng'ambo, na alikuwa na tai moja aliyoivuta kila alipotaka kusema jambo zito. Akaivuta. Akasema kiziwi afundishwe kutamka kwa mdomo na akatazwe kutumia mikono, maana ishara si lugha, hata kuku huashiria. Darasa likacheka. Mimi nilikaa na mikono yangu chini ya dawati. Nilijua kwamba si kweli, kama nilivyojua njia ya kwenda kwetu. Lakini swali lilipokuja kwenye mtihani niliandika ukurasa mzima na nusu: ishara si lugha, ishara hudumaza akili, ishara ni kikwazo kwa maendeleo. Nikapata A. Chini yake mkufunzi aliandika kwa wino mwekundu, "Safi sana."

Ubaya wa A ni kwamba baada ya muda unaanza kuiamini. Likizo ile nilirudi Mkolani, nikamketisha dada mbele ya kioo cha baba cha kunyolea ndevu, nikamshikia kipande cha karatasi mbele ya midomo, nikamwamuru aseme "pa" mpaka karatasi itikisike. Alivumilia siku tatu kwa heshima ya elimu. Siku ya nne, tukiwa mezani, nilimwomba chumvi kwa mikono kama kawaida. Akanikazia macho, akachukua karatasi ile, akanishikia mbele ya midomo. Sikupewa chumvi mpaka niliposema "pa" na karatasi ikatikisika. Mama alicheka mpaka akatoka nje.

Mwaka wa pili chuo kikatutawanya vijijini kufundisha kisomo cha watu wazima. Mimi nikapangiwa Usagara, pale njia panda. Baba akasema msichana ambaye hajaolewa hawezi kulala peke yake katika chumba cha kijiji, kwa hiyo dada ataandamana naye awe mlinzi wake. Hakuna aliyeuliza mlinzi asiyesikia atamsikiaje mwizi. Lakini alinilinda barabara. Katibu mmoja wa vijana alikuja mara mbili jioni kuulizia habari za chaki. Dada alimtazama tu, na mara ya tatu hakuja.

Darasa letu lilikuwa ghala la pamba, saa tisa alasiri, watu wakishatoka shamba. Wanaume walihudhuria wiki ya kwanza, wakaona wake zao wanawapita, wakakumbuka kwamba wana ng'ombe wa kuchunga. Wakabaki wanawake ishirini na wanne. Dada alikaa nyuma kabisa kunisubiri. Siku ya tatu alimpokonya jirani yake kibao cha kuandikia na kunakili kutoka ubaoni neno "pamba". Nikamwendea, nikamwonyesha pamba yenyewe iliyotapakaa sakafuni, kisha neno, kisha ishara yetu. Akanitazama kama mtu aliyefichwa kitu miaka yote. Tangu siku hiyo hakunipa nafasi ya kupumzika. Nikipika ananiuliza sufuria inaandikwaje, nikioga ananiuliza sabuni inaandikwaje, kibao kikipitishwa chini ya mlango wa matete. Mtu wa miaka ishirini na tisa mwenye njaa ya aina hiyo anachosha sana.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo nililijua kwa kuchelewa. Nilijisifu katika ripoti zangu za chuo kwamba darasa langu lina nidhamu isiyo kifani: nikigeuka kuandika ubaoni, kimya kabisa. Siku moja niligeuka ghafla kufuata kifutio kilichoanguka. Wanawake ishirini na wanne walikuwa wanaongea kwa mikono. Walikuwa wamejifunza kwa dada, kisimani na njiani, bila kuniambia, na walikuwa wanajadili sketi yangu. Nilielewa kila neno. Yule aliyekuwa akichangia wakati huo, mama mmoja mzee wa Kisukuma, mnene, mcheshi, alimalizia hoja yake kwanza, kisha ndipo akashusha mikono.

Kijiji kililetewa cherehani sita. Mkutano ukaamua kwamba watakaoingia karakana ya ushonaji ni wanawake waliofaulu mtihani wa kisomo, ili watu waone faida ya kusoma. Dada alikuwa anashona kwa mkono tangu utoto, mshono wake huwezi kuona unapoanzia. Alipoziona zile cherehani kupitia dirishani alirudi chumbani, akaketi kitandani, miguu ikikanyaga sakafu kwa zamu, juu chini, juu chini, huku macho yakiwa mbali. Akaniambia: nikipata ile, sitakuwa tena mtu wa kupelekwa kulinda watu. Sikujua kwamba ndivyo alivyojiona. Nilimwahidi atapata.

Mkaguzi alitoka mjini kwa Land-Rover. Alikuwa kijana, ametoka chuo kikuu si zamani, amevaa suti ya mikono mifupi na viatu vyeusi alivyovifuta vumbi kwa kitambaa kila baada ya hatua chache. Dada alikwishampa jina kabla hajaingia mlangoni: kitambaa juu ya kiatu. Wanawake wakaanza kutumia jina hilo hapohapo, mbele ya macho yake, na yeye akatabasamu akidhani wanamsalimu.

Walipita mmoja mmoja, wakasoma kwa sauti, yeye akitia vema kwenye fomu. Ikafika zamu ya dada. Akafungua kitabu, akasoma ukurasa wote kwa mikono, taratibu, kwa madaha, maana alikuwa amefanya mazoezi.

"Anafanya nini huyu?" mkaguzi akauliza.

"Anasoma," nikasema. "Ni kiziwi. Nitakufasiria."

"Mwalimu, kitabu hiki wewe unakijua kwa moyo. Nitajuaje kama anayesoma ni yeye, si wewe?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na nilichukia kwamba ni la haki. Nikaanza kumweleza kwamba hii ni lugha kamili, ina maneno yake, ina mpangilio wake. Alinisikiliza kwa upole, ndio uliokuwa ubaya wake, alikuwa mpole.

"Chuoni kwenu hamkufundishwa kuhusu ishara?"

"Tulifundishwa."

"Mlifundishwa nini?"

Sikuzaliwa mwongo kwa watu wenye fomu. "Kwamba si lugha."

"Na kwenye mtihani ukajibu nini?"

"Hivyohivyo."

"Ukapata?"

"A," nikasema. Sijawahi kuitamka herufi hiyo kwa sauti ndogo namna ile.

Akafungua kalamu. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pameandikwa, Amesoma kwa sauti, ndiyo au hapana, na kalamu ilikuwa inaelekea kwenye hapana. Dada alinivuta mkono: kitambaa juu ya kiatu anasema nini? Nikamjibu kwamba anasema leo jua kali. Alinitazama usoni, akamtazama mkaguzi, akatazama nje ambako mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Nilitamani sakafu ya ghala ipasuke inimeze na pamba yake yote.

Aliyetuokoa ni yule mama mnene. Alisimama, akaenda mbele, akapiga magoti kidogo kama inavyompasa mtu akiongea na mgeni, ingawa mgeni angeweza kuwa mjukuu wake.

"Baba," alisema, "andika kwenye kalatasi neno lako mwenyewe. Si la kitabu. Mwalimu atoke nje, aende kule balabalani. Huyu asome, atuambie sisi kwa mikono, sisi tukuambie wewe kwa mdomo. Tukikosea, andika hapana, nenda zako, kuku tuliyekuchinjia tutamla wenyewe."

Sina hakika ni hoja ipi iliyomshika, ya karatasi au ya kuku. Akakubali. Mimi nikatolewa nje, nikasimama kando ya barabara nikiligeuzia ghala mgongo, na dereva wa Land-Rover akipewa kazi ya kunilinda nisigeuke. Hayo yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye na watu ishirini na wanne, kila mmoja kwa namna yake, lakini wanapatana.

Mkaguzi aliandika sentensi yake kwa mwandiko wa chuo kikuu, akampa dada. Dada akasoma. Akarudia kusoma. Wanasema alikunja uso kwa huruma. Kisha akawageukia wenzake, akasema kwa mikono, nao wakasema kwa pamoja, kwa sauti niliyoisikia hadi barabarani: "Mwanamke huyu hawezi kusoma."

Hivyo ndivyo mkaguzi alivyokuwa ameandika. Labda alikuwa anajaribu tu sentensi ya ripoti yake, labda alifanya kusudi, sikupata kujua. Dada aliangaza macho darasani, benchi moja baada ya jingine, akauliza jambo. Yule mama akamfasiria:

"Anauliza, mwanamke yupi? Anasema aonyeshwe, atamsaidia."

Kicheko kilinifikia kule nilikosimama, na dereva akanisihi nisigeuke kwa sauti ya mtu anayetaka sana kugeuka mwenyewe. Nilisimama pale nikilia na kucheka, na lori la mbuzi likapita likanipaka vumbi lote la Usagara.

Niliporuhusiwa kuingia, mkaguzi alikuwa anafuta kiatu ambacho tayari kilikuwa safi. Kwenye fomu, pale pa Amesoma kwa sauti, hakuweka ndiyo wala hapana. Aliandika, "Ya wenzake." Kisha akala kuku, akala vizuri, na wakati wa kuaga akajaribu kumshukuru dada kwa kupungapunga mikono hewani. Dada alinieleza kwamba mkaguzi amemwambia ng'ombe amekalia chai. Alimpokelea salamu hizo kwa heshima zote.

Cherehani alipata, ya tatu kutoka mlangoni. Hapo ningependa hadithi iishe, lakini kumfundisha mtu kusoma kuna gharama zake. Kesho yake alasiri, tukichambua mchicha uani, alileta kibao na kipande cha chaki, akaviweka mapajani pangu. Mikono yako jana ilidanganya, alisema, sasa andika. Mkaguzi alisema nini, na wewe ulisema nini mpaka ukawa mdogo hivyo?

Nikaandika. Chuoni niliandika kwamba lugha yetu si lugha. Nikapewa A.

Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Nilikuwa nimemfundisha kila herufi iliyokuwa pale. Niliona kila neno likiingia, na hakuna aibu nyingine ninayoikumbuka vizuri kama ile. Nikangoja anipige, maana alikuwa na mkono mzito. Badala yake alifuta kibao, akauliza kwa mikono yake: huyo aliyesahihisha, anaijua lugha yetu?

Hapana, nikasema.

Hata kidogo? Hata jina la chumvi?

Hata jina la chumvi.

Basi alisahihishaje?

Dada akaendelea na mchicha. Hakukasirika, au kama alikasirika alikasirikia mchicha. Usiku wangu ndio ulioharibika. Wiki hiyo nilimwandikia mkufunzi barua ndefu, nikimweleza kwamba jibu langu lilikuwa la uongo, kwamba nalikanusha, na kwamba naomba A yangu ishushwe. Nikaongeza kwamba chuo kinachotoa walimu kinapaswa kuwa na mtu anayeijua lugha ya viziwi kabla ya kuwa na mtihani juu yake, na kwamba mtu huyo ninaye, ni dada yangu. Alinijibu kwa ufupi kwamba maksi zimekwishapelekwa wizarani na haziwezi kubadilishwa, na kwamba amefurahi kusikia niko salama.

Nilipofika chuo kikuu baadaye, nikiwa tayari mama wa watoto, nilikuta rafu nzima za vitabu juu ya lugha ambazo wenyewe hawapo tena duniani, na watu wazima wenye shahada tatu wakigombana juu ya viambishi vyake mpaka hawasalimiani. Sikuwaonea wivu. Niliuliza tu rafu ya lugha ya dada yangu iko wapi, kwa kuwa mwenyewe yupo, tena mbishi, na anapatikana Usagara kila siku isipokuwa Jumapili. Walinielekeza idara ya tiba. Huko wakaniuliza mgonjwa ana umri gani. Nimekuwa nikiuliza swali hilohilo kwenye vikao tangu wakati huo, na nimezeeka nikijulikana kama yule mama wa mikono. Wakiniona natoka kwenye lifti wanakumbuka kwamba wana darasa.

Cheti changu cha ualimu, chenye ile A ndani yake, kwa miaka mingi sikuwa nacho. Dada alikichukua mwaka ule niliomaliza, akakifungia katika sanduku lake la vitambaa. Nilipomwomba anirudishie ili nikaombee kazi, alinipa nakala na kubaki na chenyewe. Alisema atanipa siku nitakapoufanya mtihani ule upya, mbele ya mtu anayejua kusahihisha. Nikamwambia, kwa hasira kidogo, kwamba mtu wa namna hiyo hayupo Tanzania nzima, nimemtafuta mpaka Dar es Salaam. Akajinyooshea kidole kifuani.

Tuliufanya Jumapili moja baada ya misa, karakana ikiwa tupu, mimi nimekaa kwenye benchi la wanafunzi na yeye kwenye kiti cha cherehani. Maswali yalikuwa matano, na kinywa kilitakiwa kifungwe muda wote. Nilitakiwa nisimulie ajali niliyoiona na ajali niliyosimuliwa, ili tofauti ijulikane kwa uso peke yake. Nilitakiwa niseme uongo bila kutikisa nyusi. La mwisho lilikuwa kueleza kwa nini niliandika vile chuoni. Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko yote manne, na mikono yangu ilikosea mara nyingi, na yeye hakunisaidia hata neno moja.

Nilipata C, na najua alinipendelea.